Barabara ya mtaa wako ikijengwa usiulize lami, uliza maji yake yanaenda wapi (fundi wa mitaro nafunguka)

FundiMtaro
Habari za jioni wakuu. Leo jumapili, mvua imenifungia ndani huku Mabibo, umeme ndo hivyo tena, simu ina asilimia 61, nikasema ngoja nitoe ya moyoni kabla haijazima.

Mimi ni fundi, sio injinia, hiyo tofauti mtaiona mbele. Nimejenga mitaro ya mawe na ya zege Dar hii miaka kumi na kitu, Temeke nimejenga, Kinondoni nimejenga, Ilala kidogo, kuna mingine nikipita nanyoosha kifua na kuna mingine nikipita najifanya naongea na simu.

Kilichonifanya nianzishe uzi ni hii tabia yetu. Ikitangazwa barabara ya mtaa watu wanauliza lami au zege, upana mita ngapi, taa zipo, mkandarasi mchina au mbongo. Sijawahi hata siku moja, kwenye mkutano wowote wa mtaa niliokaa nyuma kabisa na ovaroli yangu, kusikia mtu anauliza maji yake yataishia wapi. Na hilo ndo swali lenyewe wakuu. Lami haiuliwi na magari huku kwetu, inauliwa na maji. Maji yakikaa pembeni yanaingia chini, ile tabaka ya moramu (udongo wa changarawe chini ya lami) inalainika, siku gari la mchanga likipita lami inabonyea kama andazi la moto, baada ya hapo ni shimo, mwakani mnaanza kulia tena.

Inaendelea, nachaji kwa pawabenki.

kijana_wa_Keko
Siti ya mbele kabisa. Mods msiuunganishe huu uzi na ule wa foleni.

Ngosha Mtulivu
Ngoja tuone, maana humu kila mtu fundi.

FundiMtaro
Haya naendelea.

Mtaa mmoja upande wa Temeke, sitautaja, na kampuni sitaitaja maana bado nakula kwa hawa hawa watu. Tulipewa kipande cha mtaro kama mita mia sita hivi, zege la nondo, kazi safi, konsaltanti anakuja kila siku na buti zake. Mchoro ukifika mwisho una mshale tu umeandikwa mtaro uliopo. Sasa mimi nikaenda kuuangalia huo mtaro uliopo. Wakuu, huo mtaro ulikuwa wa mawe, wa zamani, upana kama wa beseni la kufulia, alafu juu yake kuna mtu kajenga fremu mbili za duka na banda la kuku, na ndani umejaa mchanga mpaka juu.

Nikamwambia injinia wa kampuni, bosi huku mbele maji hayana pa kwenda. Akacheka kidogo, hakuwa mtu mbaya, akaniambia fundi, BOQ (orodha ya kazi na gharama zake) inaishia hapa. Yani hela iliyopitishwa inaishia kwenye ule mshale. Tukamaliza, tukakabidhi, tukapiga picha.

Masika ikaingia. Mtaro mpya ni laini, umenyooka, maji yanakimbia kuliko zamani yalipokuwa yanajikokota kwenye majani na makorongo. Yakafika mwisho kwa kasi yote yakakuta lile beseni. Pale mwisho alikuwa anaishi mama mmoja, alikuwa anatuuzia uji na maandazi asubuhi kipindi chote cha kazi, mwingine akikosa hela anamwandikia kwenye daftari. Kakaa pale zaidi ya miaka ishirini, maji hayajawahi kuingia ndani kwake. Mwaka ule yakaingia mpaka kitandani. Alinipigia simu usiku, hakunitukana, alisema tu mwanangu, si ulikuwa unakunywa uji kwangu. Nilikosa cha kujibu, nikakata simu nikasingizia mtandao.

Ndo maana nasema mtaro usiokuwa na mwisho ni bunduki, umeielekeza tu kwa mtu mwingine.

BintiMburahati
Duh. Hiyo ya uji imenichoma. Alihama?

FundiMtaro
@BintiMburahati hajahama dada, kainua kizingiti cha mlango kwa tofali tatu, sasa wageni wanaruka kuingia kama wanapanda boti.

Ngosha Mtulivu
Story nzuri ila mnajisafisha. Mitaro mingi imebomoka yenyewe hata kabla ya hiyo mvua unayoisema. Saruji mnaipeleka wapi? Mnachanganya mfuko mmoja na ndoo za mchanga mpaka zege linakuwa na rangi ya udongo alafu mnasingizia mchoro.

FundiMtaro
@Ngosha Mtulivu sikatai mkuu. Wizi wa saruji upo, nimeuona na macho haya, kuna saiti mlinzi alikuwa anajenga kwake kwa kasi kuliko mradi. Ila nikuambie kitu, mara nyingi ukuta wa mtaro hauanguki kwa sababu ya saruji. Unaanguka kwa sababu nyuma yake wamejaza udongo mara moja, tipa limemwaga, katapila limesukuma, basi. Inatakiwa ujaze kidogo kidogo, unashindilia, unajaza tena. Na zile tundu za bomba unazoona ukutani mwa mtaro sio urembo, ni za kutolea maji yaliyojificha nyuma ya ukuta. Fundi mvivu haziweki au anaziweka zikaziba na zege siku hiyo hiyo. Mvua ikinyesha udongo unavimba, ukuta hauna pa kupumulia, unasukumwa ndani. Ukiona ukuta umelalia ndani ya mtaro jua kesi ni hiyo.

Alafu kumwagilia. Zege linataka maji siku saba angalau, unalifunika na magunia unayalowesha. Mwenye kazi hiyo ni kibarua anayelipwa kidogo kuliko wote na siku ya tatu anahamishwa kwenda kubeba kokoto.

SeveaMstaafu
Nimesoma hadi hapo nikaona na mimi nichangie. Nimepima mji huu tangu enzi za kutumia levo ya miguu mitatu na kijana wa kushika fimbo, kwahiyo naomba mnisikilize kidogo.

Fundi anasema kweli, na tatizo ni la zamani. Sinza na Kijitonyama zilipopimwa miaka ya sabini kwenye ule mpango wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, barabara na mifereji vilitangulia, watu wakaja kujenga baadaye. Ndio maana mpaka leo ukienda Sinza barabara zimenyooka hata kama zina mashimo. Manzese na Tandale ilikuwa kinyume, watu walitangulia, serikali ikawafuata. Ukija baada ya nyumba kujengwa, mtaro unapita panapobaki, sio panapotakiwa. Na maji hayajali hatimiliki ya mtu.

Kuna kazi moja ilifanyika vizuri miaka ya tisini pale Hananasif. Wenyeji wenyewe ndio walichimba na kujenga mifereji, wakalipwa, na shirika la kazi duniani ILO lilikuwemo. Nilichokiona mimi ni kwamba mtu aliyebeba mawe ya mtaro kwa mabega yake hakubali jirani atupe pampasi humo. Anamgombeza mwenyewe, hasubiri mtendaji.

kijana_wa_Keko
Shikamoo mzee @SeveaMstaafu. Hapo kwenye pampasi umenikumbusha mtaro wa kwetu, ukiufukua unapata historia nzima ya mtaa, sandozi, godoro, mpaka ungo wa king'amuzi.

SeveaMstaafu
@kijana_wa_Keko marahaba. Nyie chekeni tu.

mkazi halali wa Tandale
Mimi naomba niwe tofauti kidogo maana humu kila uzi wa serikali ni lawama. DMDP, ule mradi wa kuendeleza jiji la Dar, imetubadilishia maisha huku. Mtu asiyeijua Tandale ya zamani hawezi kuelewa, kwa Mtogole mvua ikinyesha mgonjwa alikuwa anabebwa mgongoni mpaka barabara kubwa. Sasa hivi bajaji inafika mlangoni usiku wa manane, taa zinawaka, hata kodi za vyumba zimepanda (hilo halijanifurahisha mimi mpangaji lakini ndo maendeleo).

FundiMtaro
@mkazi halali wa Tandale uko sahihi kabisa na mimi ule mradi siupondi. Ulipitishwa 2015, mkopo wa Benki ya Dunia dola milioni 300, na tofauti yake ni kwamba ulianza na mito. Waliuchukua Mto Ng'ombe, ule unaopita Sinza huko unashuka Manzese na Tandale, wakautengeneza kama mtaro mkubwa, ndo barabara za ndani zikapata pa kumwagia. Huo ndo mpangilio ninaousema. Mkubwa kwanza, wadogo baadaye. Sasa fanya kinyume, jenga vimtaro vya mtaani hamsini alafu mto wenyewe umejaa mchanga, umefanya nini?

Ngosha Mtulivu
Sasa mbona Jangwani kila mwaka panafungwa? Mto si upo pale?

FundiMtaro
Hapo namuachia mzee @SeveaMstaafu.

SeveaMstaafu
Mto Msimbazi, huo wa Jangwani, unatoka kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe. Huko juu kuna mteremko, maji yana nguvu, yanabeba mchanga. Yanapita Gongo la Mboto, Vingunguti, Tabata, Kigogo, na kila mahali mto unapokea vijito vingine. Ukifika Jangwani ardhi ni tambarare kama meza, na mbele kidogo pale daraja la Salenda kuna bahari. Maji yakipoteza mwendo yanautua mzigo, nao mzigo ni mchanga. Bahari ikiwa imejaa saa ile ile mto unashuka, maji hayatoki, yanasimama na kutanuka pembeni, na pembeni ndipo penye Barabara ya Morogoro.

Wamechimba mchanga chini ya lile daraja mara ngapi? Mimi nimeacha kuhesabu. Unachimba Januari, masika inakurudishia. Huwezi kulimaliza tatizo la Jangwani ukiwa Jangwani, lazima upande juu ambako watu wanakata miti, wanalima kingo za mto na wanachota mchanga wa kujengea.

BintiMburahati
Na karakana ya mwendokasi wakaiweka hapo hapo 😩

SeveaMstaafu
Hilo binti yangu sina la kusema. Mwendokasi awamu ya kwanza, kilomita 20.9, Kimara mpaka Kivukoni na matawi yake ya Morocco na Gerezani, ilianza kubeba abiria Mei 2016. Mafuriko makubwa ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 na wengine wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande, yalishatokea. Watu wote mjini walishaona maji yalifika wapi.

Pwagu wa Mbezi
Mabwepande walirudi wengi bondeni, tuseme ukweli. Unampeleka mtu anayeishi kwa kubeba mizigo Kariakoo akakae huko mbali, nauli ale nini?

mkazi halali wa Tandale
@Pwagu wa Mbezi hapo ndo penyewe. Mtu hakai bondeni kwa kupenda mbu.

kijana_wa_Keko
Na huu mradi mpya wa bonde la Msimbazi nao? Nyumba zimeshavunjwa, daraja jipya linasemwa la mita 390.

FundiMtaro
Mita 390 ndio, na linainuliwa juu. Mimi nilivyoelewa kwa jamaa waliopo huko, mpango ni kuupanua mto wenyewe, udongo unaotoka unainulia kingo, pembeni pabaki bustani badala ya nyumba. Kimpangilio nimeupenda, maana kwa mara ya kwanza wanaupa mto nafasi yake badala ya kuubana. Ila mchanga wa Pugu haujasaini mkataba na mtu. Bila bajeti ya kuzoa kila mwaka hata daraja la kilomita mbili litajaa chini.

Na hapo nafika kwenye kero yangu kuu, KUZOA. Hela ya kujenga inatafutwa hadi Washington, hela ya kuzibua mtaro inakosekana hapa hapa Mwembechai. Tangu 2017 barabara za mitaa ziko TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini), mtaro wa pembeni ya barabara hiyo nao ni wao. Taka zilizomo ndani ya mtaro ni za manispaa. Maji machafu yanayomwagwa humo ni mambo ya DAWASA, watu wa majisafi na majitaka. Barabara kuu ambayo mtaro unapita chini yake ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Sasa mtaro ukiziba kwenye kalavati (lile bomba la kupitishia maji chini ya barabara) la barabara kuu nani aje na koleo?

Nimeona kwa macho, vibarua wamezibua mtaro vizuri kabisa, tope lote limewekwa pembeni linasubiri gari la taka. Gari sio la waliozibua. Siku tatu, nne, wiki. Mvua ikashuka ikalirudisha tope lote ndani, vizuri tu, kama lilikuwa limetoka kupunga upepo. Na vibarua walishalipwa, kwenye karatasi mtaro ni msafi.

Ngosha Mtulivu
😂😂 hiyo ya kupunga upepo nimekubali. Haya fundi nimekuelewa, nafuta kauli yangu nusu.

Mama Wawili Yombo
Mimi niongee la kwetu wananchi maana tunajifanya malaika. Mvua kubwa ikianza saa nane usiku, nenda kasikilize nyuma ya nyumba. Watu wanatapisha vyoo. Wanatoboa shimo, mvua inabeba kila kitu kwenda mtaroni, asubuhi watoto wanacheza humo humo na tunashangaa kipindupindu kinatoka wapi.

FundiMtaro
@Mama Wawili Yombo asante sana mama, hili hakuna injinia anayeliandika kwenye ripoti lakini sisi tunaoingia mtaroni na buti tunalijua. Ila tuwatendee haki pia, gari la kunyonya haliingii kwenye vichochoro vile, na ukiita vyura (wale wanaotapisha vyoo kwa mikono) nao wanataka hela yao, mtu ana wapangaji sita hawajalipa kodi. Mvua ni bure.

Ndo maana mtaro wa wazi unageuka bomba la maji taka. Ukiufunika, mifuniko inaibiwa kwa ajili ya nondo, inapasuliwa usiku inaenda kupimwa kilo kwa wauza chuma chakavu. Na ukifunikwa wote kuna shida nyingine, takataka hazionekani mpaka siku ya kufurika.

Pwagu wa Mbezi
Kwahiyo tufunike au tusifunike?

FundiMtaro
Penye shule, soko na kituo cha daladala funika, na uache mifuniko midogo inayoinuliwa na watu wawili. Kwingine acha wazi. Hayo ni maoni yangu ya ufundi, injinia anaweza kunipinga.

BintiMburahati
Fundi swali langu. Kwetu wameshapitisha sevea (mpimaji), wamepiga namba nyekundu kwenye kuta, inasemekana barabara inakuja. Mimi sio mtaalamu, naangalia nini? Maana kwenye mkutano tukiuliza tunajibiwa kitaalamu tunanyamaza.

FundiMtaro
@BintiMburahati swali zuri kuliko yote humu. Usihangaike na mchoro kwanza. Subiri mvua inyeshe, ikikatika tu vaa sandozi, anzia mlangoni kwako, fuata maji. Yafuate kwa miguu mpaka uone yameingia mtoni au kwenye korongo kubwa. Popote yaliposimama piga picha. Popote mtaro ulipokuwa mpana alafu ukawa mwembamba piga picha, maana mtaro unatakiwa unenepe kadiri unavyoshuka, sio ukonde. Kalavati chungulia upande mmoja, usipoona mwanga upande wa pili limeziba. Ukikuta ukuta wa mtu umekaa juu ya mtaro usigombane naye, piga picha tu.

Alafu siku ya mkutano usiulize kitaalamu. Sema hivi, naomba mnioneshe kwenye mchoro maji ya mtaa wetu yanaishia wapi. Wakikuonesha mshale, waulize huko kwenye mshale kuna nini, nani kaenda kuona. Wakisema wameona, muombe mtendaji aandike kwenye muhtasari. Hilo la muhtasari ndo linawaumiza kichwa.

SeveaMstaafu
Na ujue kuna ramani tayari. Kuanzia 2015 vijana wa Chuo Kikuu cha Ardhi na cha Dar es Salaam pale Mlimani walizunguka mitaani na ule mradi wa Ramani Huria, wakarusha na droni, wakachora mifereji mpaka ya vichochoroni. Iko wazi mtandaoni mtu yeyote anaangalia. Kizazi chetu tungepewa kitu kama kile tungelia machozi, nyie mnacho mnaangalia mpira.

kijana_wa_Keko
Mzee katupiga za uso 😂 jana ilikuwa dabi lakini.

FundiMtaro
Simu asilimia 4. Kesho nina zege la saa kumi na mbili asubuhi. Tutaonana.

*(siku nne baadaye)*

BintiMburahati
Nimerudi. Jumatano ilinyesha asubuhi, nikaomba ruhusa kazini nikadanganya naumwa tumbo, nikafuata maji na mdogo wangu ameshika simu. Kutoka kwetu yanashuka vizuri, nyuma ya msikiti yanajikusanya na ya mtaa wa pili, pale mtaro ni mpana naweza kulala. Tukaenda nao kama dakika kumi hivi. Alafu umeingia chini ya ukuta wa godauni, upande wa pili wa ukuta hatukuona kitu. Tumezunguka godauni lote. Hakuna mtaro, hakuna kalavati, kuna bwawa tu na bata wanne.

Kuna babu anauza kahawa pale nikamuuliza, babu shikamoo, haya maji yanaenda wapi. Akasema marahaba, zamani yalikuwa yanaenda korongoni, siku hizi yanakaa hapa na sisi.

Ngosha Mtulivu
Bata wanne 😂😂 piga picha na bata.

FundiMtaro
@BintiMburahati safi sana dada. Rudi kwa yule babu, mnunulie kahawa, akuoneshe kwa kidole korongo la zamani lilianzia wapi, na mdogo wako arekodi. Mkutano wenu lini?

BintiMburahati
Jumamosi saa nne, ofisi ya serikali ya mtaa. Babu amesema atakuja, ila anataka atumiwe bajaji.

SeveaMstaafu
Hiyo bajaji ya mzee mwenzangu naigharamia mimi. Nitumie namba inbox.